Kinjeketile na Hesabu ya Roho za Watu

Je, ni halali mtu mmoja afe ili wengi wapone? Swali hili lilizuka katika darasa letu la makada huko Tegeta, tulipokuwa tukiuchambua mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, uliochapishwa mwaka 1969. Kijana mmoja alijibu upesi: "Mmoja ni mmoja, wengi ni wengi." Darasa likamwunga mkono. Sisi tunasema hesabu hiyo ina kasoro, na mchezo wenyewe unaionyesha.

Mwandishi anatutahadharisha kuwa Kinjeketile wake si yule wa historia, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti, 1905. Mwishoni mwa mchezo, Kinjeketile yumo mikononi mwa adui. Akitamka kwamba maji yalikuwa uongo, atapona. Anakataa, kwani kuyakana maji mbele ya mkoloni ni kuukana umoja wa wanyonge na kuwanyima wajukuu urithi wa mapambano. Hapo anatoa roho yake mwenyewe, kwa hiari, huku akijua atendalo. Huo ni ushujaa wa kimapinduzi.

Lakini tusiishie hapo. Kinjeketile alikwisha kuitilia shaka dawa yake. Wapiganaji hawakuijua shaka hiyo. Waliikabili bunduki ya mashine wakiamini risasi zitageuka maji. Roho zao nazo zilitolewa kwa ajili ya wengi, ila wao hawakuulizwa. Lawama ya mauaji ni ya ubeberu, uliochoma mashamba na maghala hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hata hivyo, uovu wa adui haufuti kosa la uongozi.

Yupo atakayesema kuwa bila maji pasingekuwa na umoja. Ni kweli, maji yaliwaunganisha watu. Lakini umoja unaotegemea siri ya kiongozi huwaacha wananchi mikono mitupu siku siri inapofichuka.

Hesabu ya kijana wetu haiulizi nani anahesabu na nani anahesabiwa. Mtu anaweza kujitoa mhanga. Hana haki ya kumtoa mwenzake kwa kumficha ukweli. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulidai wananchi washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu. Hata hivyo, katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, wako waliohamishwa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa, kwa hoja ile ile ya faida ya wengi.

Basi, kada anayesema "wachache waumie" ajihesabu kwanza yeye mwenyewe miongoni mwa hao wachache. Kisha awaeleze wananchi ukweli wote, kabla hajawaomba kitu.