Dola, Yeni na Mapatano ya Plaza

Tarehe 22 Septemba 1985 wakuu wa fedha wa Marekani, Japani, Ujerumani Magharibi, Uingereza na Ufaransa walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana kushusha thamani ya dola. Hoja ya Washington ilikuwa kwamba Japani inauza mno kwa kuwa yeni ni rahisi mno.

Hoja hiyo ina kasoro ya msingi. Dola haikupandishwa na Wajapani. Ilipandishwa na riba kubwa za Marekani yenyewe, na Serikali ya Reagan iliyopunguza kodi huku ikiongeza matumizi ya kijeshi, ikawa inakopa mitaji ya dunia. Nchi inayotumia kuliko inavyozalisha haina budi kununua kwa wengine. Lawama kwa yeni zilikuwa za kuwatuliza wenye viwanda.

Dola iliyokuwa karibu yeni 240 ilifika chini ya yeni 130 mwishoni mwa 1987. Hata hivyo nakisi ya biashara ya Marekani mwaka huo ilizidi ile ya 1985! Japani nayo, ili kunusuru viwanda vyake, ilishusha riba hadi asilimia 2.5. Fedha hizo rahisi hazikubaki viwandani: zilikimbilia viwanja na hisa, na mwaka 1990 soko la hisa la Tokyo likaporomoka.