Nyutro ya Sachang'wan na Vijiko vya Petroli Kwenye Matuta

Ukitoka Mau Summit kuja Nakuru, kuna mahali karibu na Sachang'wan ambapo barabara inainama na gari linaanza kujiendea lenyewe. Hapo mikono mingi huenda kwenye gia. Dereva anaitoa gia, anaweka nyutro, injini inashusha sauti kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mshale wa mizunguko unaanguka hadi 700 hivi. Masikio yanamwambia kwamba anaokoa mafuta. Nimekaa kando ya madereva wengi wanaofanya hivyo, watu makini, wasioendesha ovyo, na wote huniambia jambo moja: injini ikinyamaza, petroli inabaki. Imani hiyo inastahili kupigiwa hesabu, kwa sababu kwenye mteremko huu gharama yake haiishii kwenye pampu.

Haikuzuka bure. Wakati wa zile Peugeot 504 zilizobeba abiria kati ya Nairobi na Nakuru, petroli iliingia kwenye injini kupitia kabureta, na kabureta haitambui kama gari linapanda au linashuka. Pistoni inaposhuka inavuta hewa, na hewa inapita ikichukua mafuta. Ukishuka mlima gia ikiwa ndani, magurudumu yaliizungusha injini mara 3,000 kwa dakika, na hata mguu ukiwa umeondoka kwenye pedali, kile kijitundu cha kuiwezesha injini kunguruma pale pale kiliendelea kunyonywa. Mizunguko mingi, minyonyo mingi. Kuweka nyutro kulipunguza minyonyo hiyo. Mzee aliyemfundisha mwanawe kuendesha hivyo mwaka 1980 alikuwa na haki ya kimahesabu, ingawa breki zake hazikukubaliana naye.

Magari yanayotoka Japani siku hizi, Probox, Fielder, Vitz, Demio, hayana kabureta. Petroli hupulizwa na nozeli zinazofunguliwa na kufungwa na kompyuta, na kompyuta hiyo inajua mambo mawili kwa wakati mmoja: mguu wako uko wapi, na injini inazunguka kwa kasi gani. Mguu ukiondoka kabisa kwenye pedali huku mizunguko ikiwa juu, tuseme zaidi ya 1,500, inazifunga nozeli kabisa. Injini inaendelea kuzunguka kwa sababu magurudumu yanaisukuma kupitia gia, na matumizi ya petroli ni sufuri. Mizunguko ikikaribia ile ya gari lililosimama, nozeli hufunguka tena ili injini isizimike. Sasa weka nyutro. Umekata mkono uliokuwa ukiizungusha injini bure, kwa hiyo lazima ichome mafuta ili iishi. Anayetaka kuliona kwa macho anunue kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha mtiririko wa mafuta kwenye simu. Gia ikiwa ndani kwenye mteremko, namba huporomoka. Nyutro ikiingia, namba hupanda.

Kwa kiasi gani? Injini ya cc 1,500 iliyokwisha kupata joto hula takriban lita 0.7 kwa saa ikinguruma bila kazi. Mteremko wa dakika kumi ni mililita 120 hivi, pungufu ya nusu ya soda ndogo. Kwa bei za mwaka 2025, lita ikizungukia shilingi 180, hiyo ni shilingi 20 na ushee. Ndizo unazopoteza kwa nyutro pale ambapo mteremko ni mkali kiasi cha kulisukuma gari bila msaada.

Lakini nisiwadhulumu wenye nyutro yao. Zipo sehemu, hasa baada ya Salgaa kuelekea Rongai na Ngata, ambapo barabara imeinama kidogo tu. Hapo gia ikiwa ndani, injini hulishika gari, mwendo unapungua na utalazimika kukanyaga tena. Kwenye nyutro gari hilo lingeteleza mbali zaidi, na kwa hesabu safi ya petroli nyutro inaweza kushinda kwa vijiko viwili vitatu. Nimezipiga hesabu hizo mara kadhaa na siwezi kuzikana. Jibu langu ni kwamba kwenye sehemu hizo gia ya juu kabisa na mguu mwepesi hupata karibu yote hayo, na gari linabaki mikononi mwako. Tuta likitokea, au punda, unayo gia tayari. Wapo hata wanaozima injini kabisa. Huyo baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu atakuta pedali imekuwa ngumu kama jiwe, kwa kuwa msaada wa breki hutegemea mvuto wa injini, na usukani nao utakuwa mzito.

Kwa malori, hesabu ni nyingine. Miaka mingi kipande cha Salgaa hadi Sachang'wan kilijulikana nchi nzima kwa malori yaliyoteremka na nyutro. Dereva aliyepewa dizeli ya safari kwa kipimo alijua kwamba itakayobaki ni pesa. Trela la ekseli saba linaruhusiwa kisheria kufikia tani 56. Kila likishuka mita 100 za kimo, linaachia nishati ya megajuli 55, na nishati hiyo haiwezi kupotea hewani hivi hivi. Lazima iende mahali. Gia ndogo ikiwa ndani, sehemu kubwa humezwa na injini. Kwenye nyutro, karibu yote huingia kwenye ngoma za breki. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita 160 za maji yaliyokuwa baridi, na mteremko huu una mita 100 zaidi ya moja. Ngoma zikishapata moto kiasi hicho, bitana haziumi tena, na kuirudisha gia lori likiwa limeshachukua kasi ni jambo ambalo sanduku la gia la lori hukataa. Baada ya ajali ya Migaa kwenye barabara hii hii, tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36, vizuizi vya zege vilijengwa kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Vimesaidia. Havipozi ngoma za breki.

Basi mafuta yanaenda wapi, ikiwa hayapo kwenye nyutro? Mengi yanaenda mlimani. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya bahari, Mau Summit karibu 2,500. Kulipandisha gari la kilo 1,300, abiria wakiwemo, kwa mita 650 kunahitaji megajuli 8 na kitu. Lita ya petroli ina megajuli 32, na injini hugeuza robo yake au zaidi kidogo kuwa kazi. Kwa maneno mengine, mlima wenyewe hudai takriban lita moja juu ya ile ambayo ungetumia kwenye tambarare. Hakuna ujanja wa kuikwepa lita hiyo, ila unaweza kuipunguza kwa kupunguza uzito: kila kilo 100 za ziada hugharimu robo ya soda ndogo hadi juu. Kisha kuna hewa. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake ikiwa Nakuru, na zaidi ikiwa Mau Summit, kwa sababu hewa ni nyepesi. Dereva huhisi gari limechoka, anakanyaga hadi chini, na kwenye magari mengi kompyuta huitikia kwa kumimina petroli nyingi kuliko inavyohitaji hewa iliyopo. Afadhali kukubali mwendo ushuke hadi 60 au 70 nyuma ya lori, na pedali ibaki na nafasi chini yake. Hewa hiyo hiyo nyepesi ina fadhila yake: upepo unaolizuia gari ni hafifu kuliko wa Mombasa. Hata hivyo, ukitoka 80 hadi 100 kwa saa ukinzani wa upepo huongezeka kwa zaidi ya asilimia 50, na kwenye tambarare ya Gilgil hadi Naivasha ndiko wengi wanakopoteza mafuta.

Sasa matuta. Gari la kilo 1,200 likiwa kwenye mwendo wa 50, nishati ya mwendo huo iligharimu takriban mililita 15 za petroli. Ni kijiko kimoja cha mezani. Kila unapokimbilia tuta na kufunga breki mita chache kabla yake, umekimwaga kijiko hicho kwenye pedi, na cha pili utakitumia kurudi kwenye mwendo. Kati ya Mau Summit na mjini Nakuru, matuta kumi tu ya namna hiyo ni mililita 150, zaidi ya kile kinachobishaniwa kuhusu nyutro yote ya Sachang'wan. Ndani ya mji, kuanzia Pipeline hadi Kenyatta Avenue, mchezo huo huo hurudiwa nyuma ya kila matatu inayosimama. Dawa ni kuliona tuta mapema na kuondoa mguu gia ikiwa ndani: nozeli zinafungwa, gari linapunguza mwendo lenyewe, unafika kwenye tuta bila kugusa breki sana na bila kuchoma chochote katika mita hizo za mwisho. Ni ujuzi ule ule wa mteremkoni, isipokuwa unautumia mara arubaini kwa siku. Kwa otomatiki ni vivyo hivyo kwenye D, na mteremko ukiwa mkali unasogeza kwenye S, L au B. Mwenye Aqua au Prius ana sababu zaidi, kwa kuwa mteremko humchajia betri, na nyutro humnyima chaji hiyo.

Kuhusu upepo wa tairi nitasema kwa kifupi. Kibandiko kwenye mlango wa gari la Japani huandika kilopaskali, geji ya kituo cha mafuta husoma PSI, na katikati yake watu hukisia. Namba 230 ya kibandiko ni PSI 33. Ipime asubuhi kabla tairi halijapata joto.

Anayetaka kujua kama amebadilika asipime safari ya upande mmoja. Kwenda Mau Summit kutamvunja moyo, kurudi kutamdanganya. Ajaze tangi Nakuru hadi pampu ikate yenyewe, aandike kilomita, apande na kushuka, kisha ajaze tena kwenye pampu ile ile hadi ikate. Kilomita agawanye kwa lita. Arudie wiki ijayo, akiwa na mzigo ule ule, lakini safari hii aondoe mguu mapema kabla ya kila tuta na aiache gia mahali pake kuanzia Sachang'wan.