Manyoya Safi, Uso Mkavu

Kila aliyeitazama The Lion King ya 2019 katika vibanda vya Bariadi anaikumbuka: Simba mdogo anaufikia mwili wa baba yake, Mufasa, korongoni. Sauti ya JD McCrary inatetemeka, inaomba, inakatika. Mdomo wa mtoto unafunguka na kufungika. Paji la uso limetulia tuli. Lufufu, yule mtafsiri wa filamu za vibandani, angeweza kumtafsiri anaagiza chai na picha isimkatalie. Mwongozaji Jon Favreau aliamua simba wake wafanane na wale wa filamu za mbugani, wasikunje uso kama binadamu, na hapo ndipo alipoharibu.

Utetezi naujua: simba wa kweli halii. Basi waulizwe wachungaji wa Meatu, wanaopakana na Pori la Akiba la Maswa. Simba akikasirika masikio hulala nyuma, pua hukunjamana, meno hutoka nje, mkia huchapa. Mchungaji huusoma uso huo kabla hajafikiria kutorosha ng'ombe. Kwa hiyo hata huyo mnyama hawakumfuata; walichukua manyoya yake, ghadhabu wakaiacha porini.

Turudi kwenye The Lion King ya kuchorwa, ya 1994. Wanaosema ile ilikuwa kazi ya mkono mtupu wanakosea. Nyumbu wanaotimka korongoni walitoka kwenye kompyuta: dakika mbili na nusu zilizokula zaidi ya miaka miwili, kwa programu iliyowazuia wasigongane. Mashine ikapewa kundi. Uso wa Simba mdogo ukabaki kwenye penseli ya Mark Henn. Nyusi zinapanda, anavuta sikio la baba kwa meno, anajipenyeza chini ya mguu uliolegea. Mgawanyo huo wa kazi nimeupigia debe miaka yote: hata Spielberg, kwenye Jurassic Park ya 1993, alimwachia Stan Winston, fundi wa midoli ya mashine, dinosaria wa kuchungulia dirishani, kompyuta ikachukua wa kukimbia.

Kwenye ile ya 2019, mafundi wa studio ya efekti ya MPC walipatia mwanga, vumbi na manyoya. Shoti 1,490 za kompyuta, na moja tu ya kamera, lile jua la mwanzo. Oscar ya efekti ilikwenda kwa filamu iitwayo 1917. Sikusikitika. Helikopta za mwongozaji Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Uganda, kwenye Who Killed Captain Alex? ya 2010, mtoto yeyote anajua ni za bandia, lakini anayezikimbia ana hofu usoni.

Na mtu asiniambie teknolojia haikuruhusu. Mwaka 2024 mwongozaji Barry Jenkins alipewa MPC hao hao kwa ajili ya filamu ya Mufasa, na nyuso zikaanza kusogea.