Mcheza Kwao Hutuzwa. Je, Mcheza Hotelini?

Kuna kanuni niliyofundishwa siku za mwanzo gazetini: shughuli ya hisani haihakikiwi. Unakwenda, unapiga picha ile hundi kubwa ya karatasi, unaandika jina la mgeni rasmi bila kulikosea, unarudi nyumbani. Nani atathubutu kusema onyesho lilikuwa bovu wakati fedha zinakwenda kwa watoto? Nimeifuata kanuni hiyo kwa karibu miaka 10. Leo naivunja.

Jumamosi moja mwaka huu nilihudhuria usiku wa dansi katika hoteli moja hapa Dar es Salaam, uliolenga kuchangia vifaa vya wodi ya watoto njiti. Niseme mapema kwamba lengo lenyewe silibezi hata kidogo. Mtoto wa dada yangu alizaliwa wiki ya 31, na najua kusimama nyuma ya kioo ukihesabu pumzi za mtu asiyefika hata kilo mbili. Kwa hiyo sikwenda kutafuta makosa. Nilinunua tiketi kwa hela yangu, nikavaa gauni, nikaketi meza ya nyuma karibu na mlango wa jikoni.

Kijitabu cha ratiba kilituahidi "mchanganyiko wa mitindo", na kweli ilikuwepo kila aina: baleti ya watoto, walzi, bhangra, salsa, hiphop, "ngoma ya asili", na mwisho dansi ya kisasa ya mchezaji mmoja.

Watoto wa baleti walikosea hatua, mmoja akageukia ukuta, ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Sawa, hakuna anayehakiki watoto wa miaka sita. Walzi ilichezwa na wazee wawili, mke na mume, na ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Hawakuwa wepesi tena, lakini kila mmoja alijua uzito wa mwenzake. Bhangra iliamsha watu. Salsa ilikuwa ya kujionyesha tu: tabasamu nyingi, miguu michache. Vijana wa hiphop walikuwa na miguu hodari, ila DJ alipandisha sauti mpaka hatukusikia soli zao zikigonga sakafu, na hapo nusu ya utamu ikapotea.

Kisha ikaja sindimba.

Nasema sindimba kwa sababu naijua. Kijitabu hakikusema. Wanandoa wa walzi waliandikwa majina yote mawili na darasa wanalofundisha. Salsa iliandikwa jina la mwalimu. Ngoma ya Wamakonde, yenye historia ndefu ya jando na unyago, iliandikwa "ngoma ya asili", basi. Asili ya nani? Ya wapi? Aisee, ni kama uandike kwenye orodha ya vitabu "riwaya ya Kizungu" halafu uendelee mbele.

Lakini jina lilikuwa tatizo dogo. Ngoma hazikulia. Wapigaji walikuwa wanne, mikono yao ilikuwa inafanya kazi, unaiona kabisa, lakini sauti iliyotoka ilikuwa bubu, kama mtu anagonga godoro. Wachezaji wanane walijitahidi. Sindimba huishi kiunoni, na kiuno hujibu ngoma. Ngoma isipouliza, kiuno kitajibu nini? Mbele yangu kijana mmoja alimwambia mwenzake, "Hawa hawajafanya mazoezi." Na dakika ya nne, kabla hawajafika pale ngoma inapokolea, MC akashika kipaza sauti na kuanza mnada wa mchoro juu ya sauti yao. Wakamalizia huku bei zinatajwa.

Nilimfuata mpigaji mkubwa kule koridoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza, ngoma zimekuwaje leo?

"Zimelala," akasema. "Ngoma inapashwa moto. Tumeomba sehemu hata kule nje magari yanakoegeshwa, tuwashe vijiti kidogo. Wamekataa. Halafu humo ndani baridi."

Kwa msomaji asiyejua: ngozi ya ngoma hulegea ikipata baridi au unyevu, na wapigaji huisogeza kwenye moto mpaka ikaze na kutoa mlio unaotakiwa. Ndivyo ngoma inavyotiwa sauti, kama mpiga gitaa anavyokaza nyuzi. Kumnyima mpigaji moto na kumweka chini ya kiyoyozi ni sawa na kumwambia mpiga gitaa apige hivyo hivyo na nyuzi zake zilizolegea. Kwa hiyo yule kijana wa meza ya mbele alikosea, na sikumlaumu. Alisikia alichosikilizishwa.

Nikauliza na la malipo, maana ndiyo kazi yangu.

"Nauli wametupa. Na soda. Mambo ya watoto haya, mwanangu. Utakataaje?"

Baadaye mmoja wa waandaaji, mtu muungwana kabisa, alinithibitishia kwamba wachezaji wote walijitolea. Taa zilikodiwa. Muziki ulikodiwa. MC alilipwa, kwa punguzo. Ukumbi ulilipiwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba kanuni yangu ya zamani ni mbovu. Wazee wa walzi wana biashara zao, na dansi kwao ni mapenzi. Kikundi kile cha sindimba kinakula kwa ngoma. Jumamosi ni siku ya harusi na mikutano, siku ya kipato. Kwa kulinganisha na mifuko yao, huenda usiku ule hakuna meza iliyotoa zaidi yao, na hakuna aliyewataja wakati wafadhili wanashukuriwa.

Mwezi Desemba 1962, Julius Nyerere aliposhika urais wa Tanganyika, alilalamika bungeni kwamba wasomi wa wakati ule walifundishwa rumba, chachacha, hata walzi, lakini wachache waliweza kucheza gombesugu au lelemama. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Zaidi ya miaka 60 imepita, na ukitazama ratiba ya usiku ule unaweza kudhani tumeshamjibu: walzi na sindimba jukwaa moja! Mimi sidhani. Kuiweka ngoma kwenye ratiba bila moto wake, bila muda wake na bila jina lake ni kuichukua picha yake na kumwacha mwenyewe mlangoni.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi hatuhitaji kufundishwa jinsi ya kuunganisha ngoma na kutoa. Mcheza kwao hutuzwa, tunasema. Nenda kwenye taarabu: mtu anainuka, anakwenda mbele taratibu kwa mwendo wa muziki, noti mkononi, anamtuza mwimbaji pale pale kwenye ubeti uliomgusa. Kelly Askew, katika Performing the Nation (2002), alionyesha kwa kirefu, hasa kutokana na aliyoyaona Tanga, kwamba kutuza ni kauli: aliyetoa anasema jambo, na ukumbi mzima unasoma anamwambia nani. Pesa inapita kati ya mtu na mtu, na mchezaji anaonekana. Hotelini pesa ilipita juu ya vichwa vya wachezaji, tena wakiwa bado wanacheza.

Sasa nije kwenye dansi ya mwisho, maana bila hiyo ningerudi na hasira tupu. Aliingia mwanamke mmoja, muziki haukupigwa. Kifuani alikuwa amefunga kanga, na ndani yake hamkuwa na kitu. Akaanza kuyumba polepole, vile mtu anavyobembeleza mtoto usiku wakati hajui tena saa ngapi. Aliyekaa wodini akajua mara moja: ni njia ya kangaruu, mama kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, joto lake liwe mashine. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipozidiwa na mashine hazikutosha. Mabegani alikuwa na utulivu wa taarabu, magotini uzito wa ngoma, mgongoni mikunjo ya dansi ya kisasa, na huwezi kusema hapa ndipo mtindo huu unaishia na ule unaanza. Vijiko vilinyamaza. Dada yangu hakuwepo, na nilishukuru hakuwepo.

Huo ndio mchanganyiko. Mchanganyiko wa ratiba ni rahisi: saba hawa, panga foleni, kila mmoja dakika zake. Mchanganyiko wa mwili unadai mchezaji awe amekaa na kila mtindo mpaka umemkubali. Yule mama alifanikiwa kwa sababu alicheza jambo lililotuleta pale. Wengine waliombwa wacheze mitindo yao.

Kwa waandaaji, kama mnasoma, sina matusi. Mwakani washeni moto kule nje. Wageni wakishuka kwenye magari wapokelewe na sindimba yenye mlio wake, wasimame nao, watuze wanaotaka kutuza. Walipeni wanaoishi kwa ngoma, halafu wao wenyewe waamue watachangia kiasi gani. Na andikeni majina.

Kijitabu changu ninacho bado. Pale palipoandikwa "ngoma ya asili" nimeongeza kwa kalamu: sindimba, wapigaji 4, wachezaji 8. Majina sikuyauliza, na hilo ni kosa langu mimi.