Daftari Kabla ya Kabati

Wanaotaka makumbusho ya mtaa kwa kawaida huanza kuhangaikia nyumba: kiwanja, mabati, kabati la vioo, kibao cha mlangoni. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu, na kwa kartie kama Ndosho unaweza kuishia kwenye hasara tupu. Ndosho ni kartie ya komini ya Karisimbi, upande wa magharibi wa Goma, kwenye barabara ya kwenda Sake, na barabara hiyo ndiyo iliyoandika historia yake. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Katika mwezi wa kwanza karibu 50,000 kati yao walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, na watoto waliopotezana na wazazi wao wakakusanywa katika kituo cha Ndosho. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na wakaazi wa kartie kumi wakaamriwa kuhama, umati ulipita huko huko kuelekea Sake. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23, hospitali ya CBCA Ndosho ikafurika majeruhi, na wiki chache baadaye makambi ya wahami ya upande wa Mugunga yakabaki matupu. Kartie iliyobeba mambo mazito kiasi hicho inastahili makumbusho yake, na watu wa kujitolea wa kuyaendesha wapo. Ila pahali ambapo watu hulazimika kuondoka ndani ya saa chache, kabati ndilo kitu cha kwanza kuachwa. Cha kujenga kwanza ni kile kinachoweza kubebwa kwapani, yaani daftari la kuandikisha vitu.

Ushahidi tunao hapa hapa Kongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka hadi katikati ya Goma, ikafunika takriban asilimia 13 ya mji na kuliteketeza kanisa kuu la Saint-Joseph. Jengo la mawe halikuwa kinga. Kinshasa nako, Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ilirudishiwa vitu 114 kutoka makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, kati ya 1976 na 1982; baadaye, nchi ilipovurugika, baadhi viliibwa na kuonekana tena katika masoko ya sanaa ya Ulaya. Kitu kilichoibwa kinaweza kudaiwa pale tu ambapo mtu alikwisha kukipima, kukipiga picha na kuandika kovu lake liko upande gani. Ndiyo sababu mwaka 1997 ulitolewa mwongozo wa kimataifa unaoitwa Object ID, unaotaja mambo machache tu ya kuandika juu ya kila kitu: aina, kipimo, malighafi, alama, umri, picha. Na madai makubwa ya Kongo dhidi ya Ubelgiji yalipopiga hatua, yalipiga hatua kwa karatasi. Februari 2022 Waziri Mkuu wa Ubelgiji Alexander De Croo alimkabidhi mwenzake wa Kongo, Jean-Michel Sama Lukonde, orodha ya vitu takriban 84,000 vya Kongo vilivyo Tervuren. Mfalme Philippe alifika Kinshasa Juni mwaka huo na kinyago kimoja, kakuungu, tena kwa mkopo. Orodha ilitangulia, kinyago kikafuata. Serikali mbili zenye wanasheria na maghala zimelazimika kuanzia kwenye orodha. Kikundi cha vijana wa mtaa hakina njia fupi kuliko hiyo.

Tuchukue mfano wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Goma ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu, na ni haki yake, kwa maana chombo hicho kimeulisha mji. Lakini sanamu inasifu chukudu zote kwa jumla, na kazi ya makumbusho ya mtaa ni kuijua chukudu moja. Ukurasa wake daftarini utasema: namba 2025.4.2, yaani mwaka, zamu ya kupokelewa, na kitu cha pili katika zamu hiyo. Urefu kwa sentimita. Boriti ya mkaratusi, imepasuka mbele na kufungwa waya. Magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari pale dereva anapoegemeza goti, kimelika upande wa kulia. Picha tatu, rula ikiwa pembeni. Halafu yale ambayo picha haiwezi kusema: nani aliichonga, nani aliisukuma, ilipandia wapi na kuteremkia wapi, ilibeba viazi vya Kibumba au makala, ilisomesha watoto wangapi. Mwisho, ni ya nani sasa, iko wapi, na kwa masharti gani inaonyeshwa. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu linaruhusu chukudu ibaki kwa mwenyewe na kuendelea na kazi. Makumbusho yanaweza kuwa na vitu mia bila kuwa na ghala, ikiwa kila kimoja kina ukurasa na mlinzi anayejulikana.

Mtu atasema huo ni ujanja wa maskini, kwamba makumbusho ya kweli huhifadhi vitu vyenyewe. Siudharau ulinzi wa vitu. Ninachosema ni kwamba hata ulinzi huo husimama juu ya daftari. Uchunguzi wa mwaka 2011 wa UNESCO na ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi, uligundua kwamba takriban asilimia 60 ya makusanyo yaliyo maghalani duniani yamo hatarini, na dawa iliyopendekezwa, njia iitwayo RE-ORG, haianzi na mashine za kupoza hewa. Inadai mambo ambayo chumba cha mbao cha Ndosho kinaweza kuyatimiza: mtu mmoja aliyefunzwa awajibike, kitu chochote kisikae chini sakafuni, kila kitu kiwe na mahali pake na kiweze kupatikana kwa dakika tatu, na ukitaka kukitoa, usilazimike kuhamisha zaidi ya vitu viwili. Bila namba na daftari, sharti la dakika tatu halitimiziki hata siku moja.

Yanayobaki ni kazi ya mikono. Moshi wa Nyiragongo hupeperushwa zaidi kuelekea magharibi, na mvua inayopita ndani yake huwa na asidi, hivyo mabati huliwa mapema na paa hupaswa kukaguliwa kila mwaka kabla ya masika. Vumbi jeusi la mawe ya lava linakwaruza. Hufutwa kwa brashi laini, kamwe si kwa kitambaa kikavu kinachosugua. Mbao ikianza kudondosha unga mwembamba, ina fukusi. Makumbusho makubwa hugandisha kitu kama hicho kwenye baridi kali kwa majuma. Bila umeme wa uhakika, mbao ngumu isiyo na gundi wala rangi inaweza kufungwa ndani ya plastiki nyeusi na kuanikwa kwenye jua kali mpaka joto la ndani lipite nyuzi 55 kwa saa kadhaa. Na daftari lenyewe liandikwe kwa kalamu ya risasi. Wino wa kalamu nyingi hutawanyika ukipata maji, lakini maji hayatoi risasi.

Shughuli ndizo zinazofanya kazi hizi zisisahaulike. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement aliweka msingi wa makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1950, na mpaka leo uhai wa mahali pale hautoki kwenye majengo yake, ingawa moja limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Unatoka kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya kila mwaka, ambapo vikundi vya wachezaji vya Bagika na Bagalu hushindania watazamaji. Watu wanaokuja kucheza ndio wanaoona ni ngoma ipi imepasuka ngozi. Mhifadhi mkali atapinga kwamba kutumia ni kuchakaza, naye hakosei: kitu cha pekee kisichoweza kutengenezwa tena kisichezewe. Lakini vitu vingi vya mtaa havina upekee wa namna hiyo, na fundi wa kuvitengeneza bado yupo hai. Kumwita fundi wa chukudu achonge mbele ya wanafunzi, huku mmoja akiandika kila hatua daftarini, ni shughuli, ni matengenezo na ni utafiti kwa wakati mmoja. Nchini Uganda, taasisi ya utamaduni ya CCFU imeunganisha makumbusho ya jamii na vilabu vya urithi vya shule, na naona ndiyo njia bora ya kupata mikono mipya kila mwaka.

Pingamizi la tumbo ni gumu zaidi. Nani mwenye muda wa kujitolea Goma, ambako kula ni kwa kutafuta kila siku? Tena neno kujitolea lina kivuli cha salongo, kazi ya lazima iliyosimamiwa kwa nguvu enzi za Mobutu. Nakubali kwamba makumbusho yanayodai mtu akae mlangoni siku nzima bila malipo yatakufa ndani ya mwaka. Daftari halidai hivyo. Linadai ukurasa mmoja, saa mbili, mara moja kwa wiki, na zamu zinaweza kupangwa kama likelemba, mchango wa kupokezana, kila mmoja akijua wiki yake na nani anampokea. Mfumo huo watu wa Ndosho hawahitaji kufundishwa.

Hatari iliyo nzito kuliko zote ni ya kuandika lenyewe. Katika mji uliobadili watawala kwa vita, daftari lenye majina laweza kugeuka orodha ya watu wa kutafutwa. Katika hili Lari, Kenya, inatupa mfano. Usiku wa 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau waliwaua huko makumi ya watu wa upande wa chifu Luka, na ulipizaji uliofuata ukaua wengine wengi. Nyuma yake kulikuwa na ugomvi wa ardhi, jambo ambalo Kivu haihitaji kuelezwa. Mwaka 2001, ndani ya vuguvugu la makumbusho ya amani lililoasisiwa na Sultan Somjee, wazee waliokuwa Mau Mau na waliokuwa walinzi wa serikali ya kikoloni walianzisha pamoja Makumbusho ya Amani ya Lari, mjini Kimende. Iliwachukua karibu nusu karne kufika hapo. Ndosho isijaribu kuruka miaka hiyo. Ianze na yale ambayo kuyaandika hakumhatarishi mtu: chukudu, mashimo ya mazuku, yaani gesi ya ardhini inayokaba, na watu waliojifunza kuyakwepa, namna nyumba ya mbao inavyosimamishwa juu ya lava, foleni za maji, shule. Ushuhuda wa mauaji ukitolewa, na utatolewa, usiingie katika daftari la wazi. Upewe namba tu, jina liandikwe katika karatasi ya pili inayotunzwa nje ya mji na mtu aliyechaguliwa na mtoa ushuhuda mwenyewe, pamoja na mwaka ambao ameruhusu ifunguliwe. Nakala za daftari la wazi ziwe tatu: moja Ndosho, moja kartie nyingine, moja kwenye simu ya ndugu aliye Kampala au Bruxelles. Ile karatasi ya pili isipigwe picha kabisa.