Fundi Aliyebeba Masanduku ya Sampuli

Mwaka 1948 Arthur Miller alijijengea kibanda cha mbao huko Connecticut apate pa kuandikia. Kilipokamilika akaketi ndani, na karibu nusu nzima ya Death of a Salesman ikatoka kwa siku moja na usiku wake. Wengi huisifu tamthilia hiyo kwa jinsi inavyoiumbua ndoto ya Marekani. Mimi huniteka kwanza useremala wake.

Tazama kuta. Willy Loman, mchuuzi wa miaka 63, anaishi na mkewe Linda huko Brooklyn katika kijumba kilichobanwa na magorofa. Jukwaani nyumba ni mifupa mitupu. Mambo yakiwa ya leo, waigizaji hupita mlangoni kama watu wote. Willy akizama katika ya zamani, wanapita palipo na ukuta pasipo kujali. Hakuna msimulizi wa kutuambia miaka imerudi nyuma. Tunaona miguu tu, na tunajua kwamba akili ya mzee imeanza kuvuja.

Halafu soksi. Linda ameketi anashona soksi zake kuukuu, Willy anafoka kwa hasira asiyoielewa mkewe. Sisi tunaielewa, maana punde tu tumemsikia hawara wa Willy huko Boston akishukuru kwa soksi mpya. Hapo mwandishi mwingine angeridhika. Miller anazihifadhi mpaka tendo la pili, Biff, mwana wa Willy aliyemwona baba kama mfalme, anapogonga mlango wa chumba cha hoteli. Soksi zilezile zinamwonyesha kwamba mama yake ndiye aliyeibiwa. Tangu siku hiyo Biff hashiki jambo likakamaa.

Na katika masanduku mawili ya sampuli anayobeba Willy mna nini? Hatuambiwi. Willy amezunguka New England miaka yote hiyo akiuza kitu kisicho na jina, kwa sababu kwa kweli anajiuza mwenyewe: tabasamu, mzaha, imani kwamba anayependwa hakosi. Baba yake alichonga filimbi kisha akaziuza kwa mkono wake. Mwana akarithi kuuza, kuchonga akakuacha nyumbani kuwa kazi ya Jumapili. Humcheka jirani yake Charley kwa kutojua kushika nyundo, na Charley huyohuyo ndiye anayemkopesha dola 50 kila wiki ili Linda adhani ni mshahara.

Tajiri wake kijana, Howard, anamfukuza kazi baada ya kumsikilizisha mashine mpya ya kurekodi sauti, yenye sauti ya mtoto akitaja miji mikuu ya majimbo. Mzee anajiua ili nyumbani ipatikane bima ya dola 20,000.

Sehemu ya mwisho, makaburini, huniudhi kidogo. Watu wanasimama na kueleza yale tuliyokwisha kuyaona, na mwandishi mwenye mkono mwepesi namna ile hakuwa na haja ya kueleza. Lakini nikipewa kalamu nyekundu singeifuta, kwa kuwa humo ndimo Biff na Charley wanamokumbuka ngazi za mbele alizozijenga, ghala la chini alilolimalizia, bafu la ziada, gereji, na jinsi alivyokuwa na raha akichanganya saruji. Hakuna anayekumbuka hata mteja mmoja.