Askari Aliyetafuta Bwana Mkubwa Kupita Wote

Sanamu ya Mtakatifu Kristofori twaijua sote: mtu mrefu sana, fimbo mkononi, anavuka mto, na mtoto ameketi begani pake. Mashofere huitundika karibu na usukani, wasafiri huivaa shingoni. Lakini habari iliyozaa sanamu hiyo, wachache wameisoma mpaka mwisho. Imo katika kitabu cha maisha ya watakatifu kiitwacho Legenda Aurea, kilichoandikwa kwa Kilatini katika karne ya 13 na Jacobus de Voragine, mtawa Mdominiko wa Italia, ambaye tangu 1292 mpaka 1298 alikuwa askofu mkuu wa Genoa. Leo twataka kuipima habari hiyo, kama mama anavyopima kitambaa sokoni, upande wa nje na upande wa ndani. Maana hii si habari ya safari tu. Ni habari ya askari na mabwana zake, nayo yatuuliza: kwa nini mtu amtii mkubwa wake?

Kwanza tuondoe shaka moja. Wengine husema kwamba Kanisa limemfuta Kristofori. Sivyo. Mwaka 1969 Baba Mtakatifu Paulo VI alipanga upya kalenda ya Misa, na sikukuu ya Kristofori ikaachiwa makanisa ya mahali mahali. Jina lake lingali katika kitabu cha mashahidi wa Roma, tarehe 25 Julai. Kwamba alikuwako shahidi wa jina hilo, Kanisa lamheshimu tangu kale. Kwamba alikuwa na urefu wa dhiraa 12, hakuna anayelazimishwa kusadiki. Basi habari hii tuisome kama mfano wenye mafundisho.

Yaanza hivi. Mtu mmoja wa Kanaani, mwenye nguvu nyingi na uso wa kutisha, alikuwa akimtumikia mfalme wake. Siku moja akawaza: nitatafuta mfalme mkubwa kupita wote duniani, nikae kwake. Akampata mfalme mwenye sifa hiyo, akapokelewa. Lakini mwimbaji mmoja alikuja kuwachekesha watu wa jumba, na katika wimbo wake akalitaja jina la shetani mara nyingi. Kila lilipotajwa, mfalme, kwa kuwa alikuwa mkristu, akafanya ishara ya msalaba. Askari akauliza maana yake. Mfalme akaficha, askari akamwambia kwamba asipojibu, ataondoka. Ndipo mfalme akakiri kwamba amwogopa shetani. Askari akasema moyoni: basi huyo shetani ndiye mkubwa. Akaaga, akaenda kumtafuta.

Jangwani akakuta kundi kubwa la askari, na mmoja wao, mkali wa kutisha, akajitambulisha kuwa ndiye anayetafutwa. Askari akafurahi, akajifunga kwake kwa utumishi wa daima. Tumtazame bwana huyu mpya. Si mtu. Hakuzaliwa na mwanamke, wala hafi. Ni wa zamani kuliko falme zote, ameziona zikiinuka na kuanguka. Nani angeweza kudhani kwamba bwana wa namna hiyo ana woga? Lakini walipofika penye msalaba uliosimamishwa kando ya njia, shetani aliiacha njia, akampitisha askari wake katika miiba na mawe, kisha wakarudi barabarani mbele zaidi. Askari akauliza tena. Shetani akaficha, kama mfalme alivyoficha. Askari akatoa sharti lile lile. Hapo shetani akakiri: juu ya msalaba alitundikwa mtu aitwaye Kristu, na kila aonapo alama yake, hukimbia. Askari akamwacha siku ile.

Hapa ndipo twaona ufundi wa habari hii. Askari aliuona msalaba mara mbili. Mara ya kwanza aliuona katika mkono wa mfalme, akaudhania kuwa ni udhaifu, akamwacha bwana mkristu na kumfuata adui wa Mungu. Mara ya pili aliuona kando ya njia, akaelewa kwamba alama ile aliyoidharau ndiyo inayomfukuza shetani. Ishara ni moja. Macho ndiyo yaliyokuwa na giza. Mtu anayetafuta nguvu peke yake aweza kupita mbele ya wokovu wake bila kuutambua.

Tena tuangalie jambo hili: askari hakumwacha mfalme kwa kuwa alikuwa mkatili, wala hakumwacha shetani kwa kuwa alikuwa mwovu. Alimwacha kila mmoja kwa sababu moja tu, yaani woga wake. Je, huu ni uaminifu? Sisi twasema: bado. Askari anayekaa na bwana mpaka amwone bwana mwenye nguvu zaidi si mwaminifu. Ni mfanyabiashara wa nguvu zake. Leo yuko hapa, kesho yuko kule. Kama habari ingeishia hapa, Kristu angekuwa mkubwa wa tatu tu katika mstari, mwenye fimbo ndefu kuliko wenzake.

Lakini haiishii hapa. Askari alimkuta mkaa pweke mmoja, akamwuliza habari za Kristu. Mkaa pweke akamwambia afunge. Akajibu kwamba hawezi. Akamwambia asali sana. Akajibu kwamba hajui hata maana ya kusali. Basi akampa kazi aliyoiweza: kuna mto ambao watu wengi hufa wakiuvuka, wewe ni mrefu na una nguvu, kaa hapo uwavushe, nami natumaini kwamba Kristu atajionyesha kwako. Kwa mfalme na kwa shetani, mwandishi hatuambii kazi hata moja aliyoifanya askari huyu. Penye mto ndipo kazi inapoonekana. Na kule alimwona bwana kwanza, ndipo akatumika. Hapa anatumika siku nyingi na bwana hajamwona. Uaminifu wake umezaliwa katika maji hayo.

Usiku mmoja aliitwa na sauti ya mtoto. Alitoka mara mbili asione mtu. Mara ya tatu akamkuta mtoto, akamweka begani. Katikati ya mto maji yakapanda, na mtoto akawa mzito kama risasi, hata mtu yule mwenye nguvu akaogopa kufa. Ng'ambo alielezwa kwamba amembeba aliyeumba dunia. Jina lake kwa Kigiriki lina maana hiyo: anayembeba Kristu. Tazameni basi! Alitafuta bwana wa kumwegemea, akapata bwana aliyeomba kubebwa. Tena yule aliyewahama wawili kwa sababu ya woga wao, sasa ameogopa mwenyewe, na Bwana wake hakumwacha.

Kwa maoni yetu, sehemu ya mwisho yapungukiwa. Kristofori afika Likia, ahubiri, ashikwa. Ni vizuri kwamba askari waliotumwa kumkamata hawakumweza, lakini yeye mwenyewe akakubali kufungwa na kwenda nao. Ila mishale inayosimama hewani, na mmoja kurudi kumpiga mfalme jichoni, yaturudisha kwenye mashindano ya nguvu ambayo mto ulikuwa umeyamaliza. Bahati njema, mwandishi ajirekebisha: ni damu ya shahidi inayomponya mfalme yule yule aliyemwua. Hapo twamtambua tena bwana wa mtoni.

Kwa nini twasema maneno hayo katika parokia zetu? Kwa sababu wako kati yetu wanaoujia ubatizo kama watu wanaohama kwa sultani mdogo kwenda kwa sultani mkubwa. Waliogopa walozi, wakasikia kwamba Yezu awashinda walozi, wakaja. Mwanzo huo si mbaya, Kristofori mwenyewe alianza hivyo. Hatari ni kubaki pale. Mtoto akiugua na asipone, mtu wa namna hiyo huenda usiku kwa mfumu, au huhamia kwa mhubiri anayeahidi nguvu zaidi. Na medali ya Kristofori huigeuza hirizi, aendeshe motokari kwa mbio akidhani mtakatifu atashika usukani.

Medali hiyo yatufundisha kinyume. Haisemi: utabebwa. Yasema: beba. Mgonjwa asiye na wa kumpeleka hospitali, yatima, mkimbizi mwenye mzigo kichwani, hao ndio wanaoita usiku kando ya mto. Huenda tutatoka mara mbili tusione kitu. Tutoke mara ya tatu.